Kutoka fremu ya mbao hadi ya chuma kwenye CNC ya kujitengenezea

Kabla ya kununua chuma, tafuta mashine yako ya CNC (ya kukata kwa kuongozwa na kompyuta) inapindia wapi. Funga geji ya mshale mezani, ncha yake iguse spindo (mota inayozungusha kikatio), kisha vuta spindo kwa mizani ya ndoano hadi isome kilo 5. Andika mshale umesogea kiasi gani. Rudia hapo hapo ukivuta spindo, lakini geji sasa iguse daraja (boriti inayobeba spindo), halafu nguzo zake. Pale kipimo kinaposhuka ghafla, ulegevu uko kati ya sehemu hiyo na uliyoipima kabla yake. Mara nyingi ni daraja au nguzo; meza hulaumiwa bure.

Ukichagua bomba la mraba, kimbilia ukubwa kabla ya unene. Kutoka mm 40×40 hadi 80×80 ya unene uleule, ukinzani wa kupinda huongezeka zaidi ya mara 8, na uzito unazidi kidogo tu mara mbili. Bomba moja la mita 6 la 80×80×4 linatoa mbili ndefu za pembeni za mm 1,200, tatu za kukatiza za mm 780 na daraja la mm 940.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu kazi. Piga vidoa tu (nukta fupi za kushikiza) kwenye kona zote, pima ulalo, kona hadi kona ya mkabala: wote wawili uwe karibu mm 1,524, tofauti isizidi mm 1. Kisha choma sentimita 2 au 3 kona moja, hamia kona ya mkabala, acha ipoe. Fundi mwenye haraka atataka kumaliza kona nzima kwa mkupuo. Mkatalie, chuma kikipoa kitavuta fremu upande. Usichome juu, panapokaa reli ambazo daraja hutelezea.

Hata hivyo uso hautanyooka. Sawazisha fremu kwa pima maji, zungushia kingo za sponji juu ya mabomba yote mawili marefu, uziunganishe kwa mfereji mmoja ili epoksi (gundi ya majimaji inayoganda ngumu) ijitafutie usawa uleule pande zote. Tumia epoksi nyepesi inayokauka polepole, kina mm 5, na uiache siku kadhaa. Pembeni hupanda kidogo, kwa hiyo reli ikae katikati.

Kwa reli za HGR20 (aina ya reli za chuma za upana wa mm 20) toboa kwa biti ya 4.2, kata uzi wa M5. Hapa wengi hukosea: bolti ya M5×16 (urefu mm 16) ikishapita reli na epoksi inashika mm 2 tu za chuma, na uzi unachunika. Nunua M5×20. Kaza reli ya kwanza kabisa, ya pili iache ilegee, sukuma daraja mwisho hadi mwisho huku ukikaza bolti zilizo karibu nalo.

Daraja jipya lina kilo 9 hivi. Kama unatumia GRBL (programu inayoendesha mota za mashine), na mhimili wa Y ndio unaolibeba, punguza $121 (mpangilio wa mchapuko wa Y) kwa nusu, kisha pandisha taratibu hadi mota ya Y ianze kuruka hatua, urudi nyuma kidogo.