Kaya 400 zinazofanya kazi ya kaya 205
Mnaokwenda kukusanya data Bahi au Chamwino, msirundike kaya nyingi kwenye vijiji vichache. Majirani hufanana: kisima kimoja, mwenyekiti mmoja, mvua ileile iliyogoma kunyesha. Ukimwuliza wa tano kuhusu serikali ya kijiji, umeshasikia nusu ya jibu lake.

Hesabu ya hasara hiyo ni nyepesi. Kaya kwa kijiji toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majirani (0 hawafanani, 1 majibu ni yaleyale), jumlisha 1. Kaya 20 kwa kijiji katika vijiji 20, kufanana 0.05: unapata 1.95. Gawa kaya zako 400 kwa hiyo, zinabaki kama kaya 205 zisizofanana kwa ujirani. Ukihoji kaya 10 kwa kijiji katika vijiji 40, unafika 276 hivi. Nauli ya bodaboda itauma, najua. Kwenye uchambuzi pia, ielekeze programu ya takwimu kaya ipi ni ya kijiji gani.