Kuomba Uzamili na Uzamivu Ukiwa Nairobi: Anza na Yaliyo Mikononi mwa Wengine

Kila mwaka, Agosti ikifika, watu huanza kuniletea insha zao za maombi ya uzamili na uzamivu nizisome. Wengi wao wana akili na alama za kutosha kabisa. Kinachowaangusha ni kingine: karatasi iliyokwama katika ofisi ya msajili, mhadhiri asiyepokea simu, jina lililoandikwa kwa namna tatu katika stakabadhi tatu. Hayo yote hayamo mikononi mwa mwombaji, na kukesha hakuyaharakishi. Insha waweza kuiandika upya kwa usiku mmoja ukilazimika. Transkripti huwezi kujiandikia.

Kwa hiyo utaratibu ninaoufundisha ni huu: shughulikia kwanza kila kitu kinachomtegemea mtu mwingine, ndipo urudi kwa kile kinachokutegemea wewe. Ni kinyume cha wafanyavyo wengi, ambao huanza kwa insha kwa sababu ndiyo inayowatia hofu zaidi.

Hatua ya 1: Linganisha majina

Toa kitambulisho, cheti cha KCSE, cheti cha shahada na pasipoti, uziweke pamoja mezani. Soma majina herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu au manne, na si ajabu jina la ubatizo kuwemo kwenye KCSE na kukosekana kwenye kitambulisho. Tofauti ndogo ya tahajia kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayotiwa saini mbele ya wakili aliye kamishna wa viapo. Jina lililobadilika kabisa lina utaratibu wake wa kisheria, nao huchukua muda, kwa hiyo usiungoje hadi Novemba.

Kama huna pasipoti, ombi huanzia eCitizen, kisha unakwenda Nyayo House au kituo kingine cha uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Jina lililo katika pasipoti ndilo ulitumie katika kila fomu, kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 2: Transkripti, pamoja na ukurasa wa nyuma

Nenda mwenyewe katika ofisi ya msajili wa masomo ukiwa na kitambulisho, na uulize wanatoa transkripti rasmi kwa muda gani, kwa malipo gani, na kama wanaweza kuituma moja kwa moja kwa chuo cha nje. Kama kuna somo ambalo alama yake haijaingizwa, siku hiyo ndiyo utakayogundua, na bado utakuwa na muda wa kumfuata mhadhiri aliyelifundisha. Ikiwa umemaliza mitihani lakini mahafali bado, omba barua ya kuthibitisha kuwa umemaliza masomo na unangoja kutunukiwa shahada.

Sasa jambo ambalo limewaumiza watu wazuri bila wao kujua. Katika vyuo vyetu vingi, alama 70 na zaidi ni A, na wastani huo hukupa Daraja la Kwanza. Kati ya 60 na 69 ni Daraja la Pili Juu, na kati ya 50 na 59 ni Daraja la Pili Chini. Marekani, 70 kwa kawaida ni C. Mtu aliye kwenye kamati ya udahili huko, ambaye hajawahi kuona transkripti ya Kenya, akikuta 68 na 71 zimejaa karatasi nzima anaweza kudhani wewe ni mwanafunzi wa kuchechemea, ilhali umekuwa miongoni mwa bora darasani. Ufafanuzi wa alama mara nyingi huchapishwa nyuma ya transkripti au chini kabisa, na waombaji huskani upande wa mbele tu. Skani pande zote mbili. Kama ufafanuzi haupo, omba barua ya msajili inayoueleza, na umwombe mmoja wa wanaokupendekeza ataje nafasi yako darasani ikiwa anaijua.

Fomu ikikutaka wastani wa alama, usijibadilishie kwenda kipimo cha Kimarekani cha 4.0 kwa kikokotoo ulichokikuta mtandaoni. Soma maelekezo kwanza. Vyuo vingi hutaka uandike wastani kama ulivyo katika transkripti yako na utaje kwamba kipimo ni 100. Vingi pia huridhika na nakala uliyoskani wakati wa kuomba, kisha hudai ile rasmi ukishakubaliwa.

Hatua ya 3: Watu watakaokupendekeza

Vyuo vya Marekani kwa kawaida hutaka barua tatu, vya Uingereza mbili. Chagua mtu anayeijua kazi yako, si mwenye cheo kikubwa. Mhadhiri kijana aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa nne, akakuona ukirudia jaribio lililoharibika mara mbili bila kulalamika, ana la kusema. Mkuu wa idara aliyekufundisha katika ukumbi wa watu mia tatu atabaki kuandika kwamba ulikuwa na nidhamu na ulihudhuria masomo, na barua ya namna hiyo haimsogezi mtu.

Muombe mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya makataa, na umpe nafasi ya kukataa kwa heshima. Ujumbe wa kwanza waweza kuwa hivi:

"Habari za siku, Daktari. Ni mimi uliyenisimamia mradi wa maji ya visima mwaka wa 2023. Ninaomba nafasi za uzamili katika afya ya umma, na makataa ya kwanza ni tarehe 1 Desemba. Ningependa kujua kama unaona unaweza kuniandikia barua yenye nguvu. Ukiwa na shughuli nyingi msimu huu nitaelewa, naomba tu unijulishe mapema."

Akikubali, mtumie kwa baruapepe moja, si kwa vipande vya WhatsApp: transkripti, wasifu wako, rasimu ya insha hata kama haijaiva, orodha ya vyuo na tarehe zake, na nusu ukurasa wa kumkumbusha mlichofanya pamoja. Wapo watakaokwambia, "Andika mwenyewe, nitatia saini." Usikubali. Fomu nyingi humtaka mpendekezaji athibitishe kwamba barua ni yake, na msomaji mzoefu hutambua barua na insha zilizotoka kalamu moja. Jibu kwa upole kwamba unampelekea hoja muhimu ili kazi yake iwe nyepesi, na uzipeleke siku hiyohiyo.

Muulize pia anwani yake ya baruapepe ya chuo. Vyuo vingi vya nje huitilia shaka barua inayotoka kwenye anwani ya kawaida ya bure. Na kumbuka kwamba msimu wa maombi huweza kugongana na migomo: ule wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa mwaka 2025 ulianza Septemba ukaendelea hadi Novemba. Kwa sababu hiyo mtafute mpendekezaji wa nne wa akiba, ikiwezekana mtu aliyekusimamia kazini.

Kukumbusha si utovu wa adabu. Wiki mbili kabla ya makataa, kisha wiki moja, kisha siku tatu, kila mara kwa sentensi mbili na kiungo cha kupakia barua.

Hatua ya 4: Orodha ya vyuo, na nani atalipa

Usitengeneze orodha ya vyuo peke yake halafu uanze kutafuta pesa. Kila nchi ina mtindo wake wa kulipia masomo.

Marekani, programu nyingi za uzamivu hulipa karo na posho kwa mwanafunzi anayefundisha au kufanya utafiti, na nyingi humpokea mtu mwenye shahada ya kwanza pekee. Uzamili huko mara nyingi ni wa kujilipia. Uingereza, uzamili mwingi ni wa mwaka mmoja, na kukubaliwa na chuo ni jambo tofauti na kupata ufadhili. Anayetaka Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, anatuma maombi mawili: moja kwa Chevening yenyewe, ambayo hufungua mlango kati ya Agosti na Septemba na kuufunga Oktoba au Novemba, na jingine kwa vyuo. Chevening inadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili, na kazi ya kujitolea huhesabiwa. Watu wengi huacha kuomba kwa sababu hawajui hilo la mwisho.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha pesa za kuishi mwaka mzima katika akaunti maalumu ili apate viza, nazo si kidogo kwa familia ya kawaida. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, wana ofisi hapa Nairobi. Baadhi ya ufadhili wao hutaka miaka miwili ya kazi na shahada isiyozidi miaka 6, kwa hiyo kungojangoja kuna gharama.

Wala usivipuuze vyuo vya hapa. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, JKUAT na Strathmore vina programu imara, na mwenye Daraja la Pili Chini aliye na uzoefu wa kazi mara nyingi hupata nafasi ya uzamili nyumbani. Uzamili ukiufanya vizuri, ndio watakaouangalia kwanza utakapoomba uzamivu nje.

Kwa anayeomba uzamivu wa kumtegemea msimamizi mmoja, kama ilivyo Uingereza, Ujerumani na Australia, mwandikie msimamizi kabla ya kuomba. Aya tatu zinatosha: wewe ni nani, ni makala yake ipi uliyoisoma na swali gani limebaki kwako, na kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa maprofesa hamsini hujulikana mara moja.

Ada ya kuomba nayo hula pesa. Kabla ya kulipa, iandikie ofisi ya udahili uulize kama wanasamehe ada kwa waombaji wa nchi kama yetu. Vyuo vingi hufanya hivyo, lakini lazima uombe kabla. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Mitihani kama GRE, ule wa kuombea masomo ya juu hasa Marekani, usiikimbilie hadi uone idara inaitaka, kwa sababu nyingi zimeiacha. Matokeo ya GRE hudumu miaka 5, ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, miaka 2. Kuhusu Kiingereza, uliza kama watakubali alama yako ya KCSE au barua inayosema ulisoma kwa Kiingereza.

Yeyote anayedai pesa ili akuhakikishie nafasi au ufadhili, ondoka kwake.

Hatua ya 5: Insha

Sasa ndiyo zamu yako. Insha nyingi ninazosoma huanza na "Tangu utotoni nimependa sayansi." Msomaji wa kamati ameona sentensi hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Anza na kazi: "Katika mradi wangu wa mwisho nilipima maji ya visima vya Mukuru kwa Njenga, nikakuta visima vilivyo karibu na vyoo havikuwa vibaya kuliko vilivyo mbali, na sikuweza kueleza kwa nini." Hapo msomaji ameona mtu anayefikiri, na swali lililobaki linamwonyesha kwa nini unataka kusoma zaidi. Baada ya hapo eleza unataka kujifunza nini, kwa nini katika idara hiyo, na kwa nani.

Kama alama zako zilishuka mwaka fulani kwa sababu chuo kilifungwa au uliuguza mzazi, sema kwa sentensi moja au mbili bila kujitetea, kisha uendelee. Umaskini usiufanye kuwa hoja nzima. Kamati inatafuta mtu wa kufanya naye kazi, na unastahili kuonekana hivyo. Mpe mtu asiye wa taaluma yako aisome. Akishindwa kukueleza unataka kusoma nini, andika tena.

Hatua ya 6: Kutuma

Makataa ya saa 5:59 usiku wa tarehe 15 Desemba kwa saa za New York ni saa 1:59 asubuhi ya tarehe 16 hapa Nairobi. Hata hivyo tuma siku tatu kabla. Stima hupotea, bando huisha, na tovuti hulemewa usiku wa mwisho. Hifadhi risiti ya uthibitisho.

Hatua ya 7: Miezi ya kungoja

Hapa ndipo watu huumia. Januari hadi Aprili huna la kufanya, na kila mtu anauliza. Nawashauri waombaji wawaambie watu wawili tu: mmoja wa nyumbani na rafiki mmoja. Si kwa sababu ya kijicho, bali kwa sababu ukikataliwa hutalazimika kutangaza habari hiyo kwa ukoo, chama cha mama na kundi la kanisa. Mzazi anayeuliza kila Jumapili mwambie tarehe: "Mama, majibu ni kufikia mwisho wa Machi, nitakwambia siku hiyohiyo." Akiwa na tarehe, hutulia. Pangia baruapepe saa maalumu, labda jioni tu, na usiache kuomba kazi eti unangoja.

Kukataliwa hakuelezi kila kitu kuhusu kazi yako. Profesa uliyemtaja huenda hapokei mtu mwaka huo, au idara haina pesa. Ila ukikosa kote, mpe mpendekezaji mmoja faili lako lote alisome kwa jicho kali, kwa sababu huenda tatizo ni insha au orodha.

Hatua ya 8: Ukikubaliwa

Soma barua ya ufadhili mstari kwa mstari: karo, posho, bima ya afya, nauli, na ni kwa miaka mingapi. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kutomlazimisha mwanafunzi kujibu kuhusu ufadhili kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo ukisukumwa Februari, omba muda. Nafasi usiyoitaka ikatae haraka, kuna mtu anayeingoja.

Wapigie waliokupendekeza uwaambie matokeo. Kwa viza ya Uingereza ya zaidi ya miezi sita utahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu, na hapa Nairobi kipimo hicho hufanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Kwa Marekani kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ya dola 350 kabla ya mahojiano ya viza. Na kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, pita ofisi zao za Anniversary Towers kabla ya kusafiri mkubaliane jinsi utakavyolipa, kwa sababu deni hilo linaendelea ukiwa nje.