Kivinjari kimekuwa kizito baada ya kusasishwa: tafuta chanzo kabla hujafuta chochote

Kivinjari kikianza kukwama baada ya sasisho, wengi hukimbilia kufuta historia, vidakuzi na akiba, kisha huiondoa programu nzima na kuisakinisha upya. Mara nyingi kazi hiyo huenda bure. Akiba inayofutwa kwa sehemu kubwa ipo kwenye diski, wala si ndani ya RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi). Kuiondoa programu nako kwa kawaida hakuugusi wasifu wako (profile), na humo ndimo vinamokaa viendelezi (programu ndogo unazoongeza kwenye kivinjari), mipangilio na hifadhidata ya historia. Unarudi palepale ulipokuwa, tofauti ni kwamba sasa umeshatolewa kwenye akaunti zako zote.

Anza kwa kukizima kivinjari kweli. Chrome na Edge huweza kubaki vikifanya kazi chinichini hata baada ya kufunga dirisha la mwisho, kwa hiyo unachodhani ni kuwasha upya huenda ni kufungua dirisha jingine la programu ileile. Kwenye Chrome andika chrome://restart katika upau wa anwani. Kwenye Firefox fungua about:support, kisha bonyeza kitufe cha kufuta akiba ya kuanzia; kitakiwasha upya chenyewe. Kwa watumiaji wa Linux kuna jambo la ziada: meneja wa pakeji akibadilisha faili za Firefox wakati iko wazi, programu ya zamani iliyo kwenye RAM hukutana na faili mpya kwenye diski, na vichupo vipya hugoma kufunguka. Hapo hakuna kilichoharibika. Funga, fungua tena.

Usikihukumu kivinjari kwa mwanzo wake wa kwanza baada ya sasisho. Kinajenga upya akiba ya msimbo na ya michoro, viendelezi navyo vinajisasisha, na programu ya kuzuia virusi inakagua faili mpya. Kitumie kwa dakika kadhaa, kiwashe tena, ndipo upime.

Namba kubwa si lazima iwe ugonjwa

Kila kichupo, kila kiendelezi na kazi ya michoro hupewa mchakato wake (process, yaani sehemu ya programu inayoendeshwa peke yake), au hushiriki mchakato na wachache. Mwaka 2018 Chrome 67 ilianza kutenga kila tovuti katika mchakato wake kwa sababu za usalama, na Google yenyewe ilikiri kuwa hilo liliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Firefox ilifuata mwishoni mwa 2021. Kwa hiyo kuona michakato thelathini ukiwa na vichupo kumi si ajabu. Tena ukijumlisha namba zao mwenyewe unaweza kupata jumla iliyozidi ukweli, kwa sababu baadhi ya vipimo, hasa kwenye Linux, huhesabu kumbukumbu ya pamoja mara kadhaa.

Cha kutazama ni mwenendo. Fungua ukurasa mmoja unaoushuku, uache bila kuugusa, kisha soma matumizi baada ya dakika 5, 15 na 30. Yakipanda halafu yakatulia, huo ni uzito wa kawaida wa ukurasa. Yakiendelea kupanda bila kushuka, kuna uvujaji, yaani kumbukumbu inachukuliwa na hairudishwi, na hapo ndipo penye kazi. Lakini kama RAM imetulia na kinachopanda ni kichakataji (CPU), ruka moja kwa moja hadi sehemu ya michoro.

Mahali pa kusoma namba

Meneja wa kazi wa Windows hukuonyesha orodha ya majina yanayofanana tu. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Shift+Esc upate meneja wa kivinjari chenyewe, unaotaja kichupo na kiendelezi kwa jina. Bofya kichwa cha jedwali kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uongeze safu ya kumbukumbu ya JavaScript. Safu hii ina namba mbili: ya kwanza ni kumbukumbu iliyotengwa, ya pili, iliyo ndani ya mabano, ni ile inayotumika kweli. Ya kwanza ikiwa kubwa na ya pili ndogo, ni takataka zinazosubiri kuzolewa, zitaondoka zenyewe. Ya pili ndiyo ikizidi kupanda, tovuti inashikilia vitu ambavyo haivihitaji tena. Kosa hilo ni la tovuti, na hakuna mpangilio wa kivinjari utakaolitibu.

Firefox ina about:processes kwa mtazamo wa haraka, na about:memory kwa uchunguzi wa kina. Katika about:memory bonyeza kitufe cha kupima, usome mstari wa explicit, ambao ni jumla ya kumbukumbu iliyoombwa na mchakato husika. Kisha tafuta ghost-windows. Hizi ni kurasa ulizokwisha kuzifunga lakini bado zimeshikiliwa. Bonyeza kitufe cha kupunguza matumizi ya kumbukumbu, pima tena. Zikibaki, mshukiwa wa kwanza ni kiendelezi.

Viendelezi: gawa nusu kwa nusu

Kwanza thibitisha kama ni viendelezi kweli. Firefox ina hali ya utatuzi: shikilia Shift unapoifungua (Option kwenye Mac), nayo itaanza bila viendelezi. Tahadhari ni kwamba hali hiyo huzima pia uharakishaji wa maunzi (kuiachia kadi ya michoro kazi ya kuchora), kwa hiyo nafuu utakayoipata inaweza kuwa imetoka upande wa michoro. Kwenye Chrome tumia dirisha la mgeni. Au anzisha programu kwa amri yenye --disable-extensions, lakini hakikisha hakuna mchakato wowote wa Chrome uliobaki. Ukiwapo, huo ndio utakaofungua dirisha na amri yako itapuuzwa kimyakimya.

Ikiwa ni viendelezi, usivizime kimoja kimoja. Zima nusu, jaribu, kisha endelea na nusu yenye tatizo. Viendelezi vinane vinahitaji raundi tatu tu.

Kuna hali ya kinyume ambayo watu huisahau: sasisho linaweza kuwa limezima kiendelezi. Tangu 2024 Google imekuwa ikizima ndani ya Chrome viendelezi vilivyojengwa kwa Manifest V2 (kanuni za zamani za kuunda viendelezi), vikiwemo vizuia matangazo vilivyotumiwa na wengi. Kizuizi kikiondoka, kurasa zilezile hupakia matangazo, video na hati za ufuatiliaji ambazo hapo awali hazikufika, na lawama zote humwangukia kivinjari. Fungua chrome://extensions uone kama kuna kilichozimwa, kisha tafuta mbadala uliojengwa kwa Manifest V3.

Michoro

Dalili ni hizi: kusogeza ukurasa kunakatakata, video inachemsha mashine, kichakataji kiko juu hata ukiwa na kichupo kimoja. Fungua chrome://gpu, au edge://gpu. Mistari ya juu ikisema "Software only" kwenye Rasterization au Video Decode, kadi ya michoro imewekwa kando na kichakataji ndicho kinachochora kila kitu. Kwenye Firefox angalia about:support, sehemu ya michoro: "WebRender (Software)" ina maana hiyohiyo. Vivinjari huwa na orodha ya draiva (programu zinazoendesha kadi ya michoro) zenye hitilafu, na orodha hiyo hubadilika pamoja na matoleo. Draiva yako ya zamani iliyokubalika jana inaweza kukataliwa leo. Dawa ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi au wa kompyuta.

Mambo yanaweza pia kwenda kinyume: uharakishaji umewashwa, lakini mchakato wa GPU (kadi ya michoro) ndio unaovimba. Uzime kwenye chrome://settings/system, washa upya, jaribu kwa dakika kumi. Ikitulia, umepata chanzo. Usiuache umezimwa milele, maana betri ya laptopu italipa gharama hiyo. Sasisha draiva, kisha uuwashe tena.

Wasifu na mipangilio ya kunakili

Bado? Jaribu wasifu mpya: about:profiles kwenye Firefox, au ongeza mtumiaji kwenye Chrome. Ukiwa mwepesi ilhali viendelezi umeshaviondoa kwenye hesabu, tatizo ni mipangilio au hifadhidata. Mipangilio ya "kuongeza kasi" iliyonakiliwa mahali fulani miaka mitatu iliyopita ni chanzo cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hubaki huku injini yenyewe ikibadilika chini yake. Rudisha chrome://flags (mipangilio ya majaribio ya Chrome) katika hali ya mwanzo. Kwenye Firefox, about:support huorodhesha mipangilio muhimu iliyobadilishwa, na pia ina kitufe cha kukagua uzima wa hifadhidata ya historia. Kwa Windows, about:third-party huonyesha programu za nje zilizojipenyeza ndani ya Firefox. Programu za kuzuia virusi huonekana humo mara kwa mara.

Kurudi toleo la nyuma

Tangu Firefox 67, toleo la zamani hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya zaidi. Basi kabla ya jaribio lolote, funga kivinjari na unakili folda nzima ya wasifu. Ukiamua kuchukua faili chache tu, places.sqlite ina alamisho na historia, logins.json ina nywila, lakini bila key4.db haifunguki. Toleo la zamani ni la kupimia tu, kwa kuwa mianya yake ya usalama imeshatangazwa hadharani. Anayetaka mabadiliko machache atumie Firefox ESR, toleo lenye msaada wa muda mrefu.

Toleo la zamani likiwa jepesi na jipya likiwa zito kwa wasifu safi, hitilafu ni ya kivinjari chenyewe, na inafaa kuripotiwa. Kwa Firefox, zana ya mozregression hupakua matoleo ya kati, ikikuuliza kila moja kama ni zima au bovu, hadi ibaini badiliko lililoleta kasoro. Ambatisha faili ya vipimo kutoka about:memory, lakini weka alama kwanza kwenye kisanduku cha kuficha utambulisho. Bila hiyo, anwani za kurasa ulizofungua zimo ndani ya faili.