Oda Hazifanani, Karakana Isiyumbe

Mteja wa Keko, mtaa wa maseremala Dar es Salaam, anakuja na picha kwenye simu. Anataka kitanda kile kile, ila kichwa kiwe kirefu zaidi, droo zihamie pembeni, na mbao iwe mkongo badala ya mninga. Kazi yangu ni kupokea oda na kuzigawa kwa mafundi. Randa nawaachia wenyewe.

Anza kwa kutenganisha mabadiliko anayoyalipia mteja na yale tunayoyazua wenyewe. Mtindo, mbao na rangi ndiyo biashara yetu. Lakini fundi mmoja akitoboa tundu la ubavu, ule ubao wa pembeni mwa kitanda, inchi tatu kutoka chini na mwenzake inchi nne, hilo mteja hakuliomba, na siku ya kufunga kitanda nyumbani kwake ndipo mtakapotafutana. Kwetu vitanda vyote, vya bei yoyote, vina mbavu za upana mmoja, skrubu za aina moja na chaga za unene mmoja. Violezo vya plaiwudi vimetundikwa ukutani. Fundi mkongwe atanung'unika kwamba unamfundisha kazi. Mpe yeye ndiye avikate hivyo violezo, uone atakavyowasimamia vijana.

Kwenye vipimo, usiandike "sita kwa sita" ukaridhika. Godoro la sentimita 180 kwa 200 wengi huliita hivyo hivyo, na linazidi futi sita kwa urefu wa sentimita 17 hivi. Pima godoro lenyewe. Mchoro wenye vipimo utiwe sahihi, advansi ilipwe, ndipo mbao iguswe.

Fomu yangu ina swali ambalo wateja hulishangaa: samani itakaa mkoa gani? Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana. Meza iliyoungwa kwenye unyevunyevu wa Dar ikifika Dodoma, hewa kavu inaifyonza, na kama uso wake umegandishwa kwa gundi kwenye fremu, utapasuka. Mbao ya meza hiyo tunaipima kwa kipima unyevu; ikiwa bado mbichi inarudi kukauka, mteja apige simu asipige. Uso tunaufunga kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu, ubao upate pa kuchezea. Mninga na mkongo ni watulivu. Paini iliyopasuliwa majuzi Mafinga, hiyo iangalie kwa macho mawili.

Umeme ukikatika, pawe na kazi za mkono zinazosubiri: msasa, kuunga, kufunga bawaba. Ziandike ubaoni mapema.

Tarehe za kukabidhi zinataka hesabu. Ukiwa na oda 12 sakafuni na kwa wiki zinatoka nne, inayoingia leo itatoka baada ya wiki tatu, hata uape vipi. Kwetu foleni inajikunja kwenye vanishi, hasa masika, maana hewa ikiwa na maji mengi vanishi huweza kufanya ukungu mweupe. Kwa hiyo mpaka nafasi ipatikane kwa mpiga vanishi, oda mpya haikatiwi mbao. Mafundi wa msumeno wakikaa bure kidogo, wanoe vyombo.

Oda ya haraka ninayo nafasi moja kwa wiki, na bei yake iko juu. Ikishachukuliwa, anayefuata anasubiri Jumatatu, hata awe shemeji yangu.