Vizibo vitano na kifuu kimoja

Mtoto anaweza kuimba moja mpaka ishirini bila kukosea na bado asijue tano ni ngapi. Kwa wenye watoto wa miaka minne au mitano, jaribuni mchezo huu niliouona kwa mwalimu wa darasa la awali. Weka vizibo vitano vya chupa za maji, avihesabu mwenyewe kwa kuvigusa. Afumbe macho. Funika viwili kwa kifuu cha nazi (kikombe nacho kinafaa), kisha uliza: vingapi vimejificha? Akishajibu, afunue mwenyewe. Usimwambie kapata au kakosa, kifuu kitamwonyesha. Halafu mbadilishane: yeye afiche, wewe utaje, na mara mojamoja ukosee makusudi. Atakusahihisha kwa furaha, na ili akusahihishe lazima afikiri.

Kuimba namba ni kukumbuka mfuatano tu. Hapa anajionea kwamba tano ni tatu na mbili, au nne na moja, na huko ndiko kujumlisha na kutoa kunakoanzia, hata kabla hajashika penseli.

Unakwama ukianza na vizibo kumi, maana atabaki kubahatisha. Akisitasita hata kwa vitano, rudi kwenye vitatu. Unakwama pia ukiugeuza mtihani, ukishasema “haraka, jibu!” mchezo umekwisha. Wa chini ya miaka mitatu msiwape vizibo kabisa, wanatia mdomoni na vinaweza kuwakaba. Hao tumieni viazi.