Doai: namna ya kwenda stesheni ya fuko na kurudi siku hiyohiyo

Kama upo Tokyo, una siku moja ya kuzurura na maghorofa yameshakuchosha, nenda Doai. Ipo mkoa wa Gunma chini ya mlima Tanigawa, haina mfanyakazi tangu 1985, treni zinazosimama ni tano sita hivi kwa siku kila upande, na Wajapani wenyewe wanaiita mogura eki, yaani stesheni ya fuko, sababu plafomu yake moja imo ndani ya handaki, mita 70 na kitu chini ya mlango wa kutokea. Fikiria jengo la ghorofa 20, halafu lifti hamna.

Kabla ya yote shika maneno mawili, kudari na nobori. Kudari ni treni inayotoka upande wa Tokyo, nobori ni inayoelekea Tokyo. Sasa kichekesho ni kwamba kudari maana yake kushuka na nobori ni kupanda, ila Doai mambo yako kinyume, ukija na treni ya kushuka ndio utapanda ngazi mpaka ukome, na ile ya kupanda inasimama zake juu huko penye jua. Hii imetokana na historia, reli ya mwanzo ya 1931 ilipita juu, wakaja 1967 kuongeza njia ya pili kwa kuchimba handaki jipya la kilomita 13 na nusu, nalo likapita chini kabisa. Kwahiyo ukitokea Tokyo na kurudi Tokyo unapanda tu, hushuki. Anayetokea Niigata, upande wa pili wa mlima, anashukia juu, akitaka kuliona handaki itabidi ateremke kwa miguu halafu apande tena, pole yake.

Njia yenyewe: shinkansen (treni ya kasi) Tokyo mpaka Takasaki, dakika 50 hivi (kama unabana hela panda treni ya kawaida kutoka Ueno, karibu masaa mawili), halafu treni ya laini ya Joetsu mpaka Minakami, saa moja na kidogo. Minakami unabadilisha, unapanda inayokwenda Nagaoka. Hapa ndio watu wanakwama, maana unaweza kufika ukakuta inayofuata ni baada ya masaa matatu. Anza kuangalia ratiba ya Minakami kwenda Doai, uchague treni yako, ndio urudi nyuma kupanga saa ya kutoka Tokyo. Na Suica, ile kadi ya kulipia nauli, usiitegemee, Doai hakuna pa kugonga kadi, kata tiketi ya karatasi ya mpaka Doai kabisa.

Kituo cha kwanza baada ya Minakami ni Yubiso, nacho kimo handakini, ukiona giza na taa usikurupuke ukashuka. Doai ni cha pili.

Ukishashuka subiri treni iondoke, usiwe na haraka. Kelele zikiisha unabaki na maji yanachuruzika tu na baridi, mimi nilienda Agosti na tisheti, nje joto la kuchemsha, mle ndani nikajikumbatia. Ngazi ziko mbele yako, 462, zimenyooka mita 338 bila kona hata moja, ukiangalia juu mwisho wake ni kidoa cha mwanga. Namba zimeandikwa kwahiyo huhitaji kuhesabu, na kuna mabenchi ya kupumzikia, yatumie, hakuna anayekucheka. Pembeni ya ngazi kuna nafasi waliyoiacha kwa ajili ya eskaleta, haijawekwa mpaka leo, sasa hivi ni maji tu yanapita hapo. Ukimaliza 462 usishangilie, kuna korido inayovuka juu ya mto na barabara, halafu ngazi 24 za mwisho. Jumla 486. Jipe dakika 10, ukiwa na mtoto au begi zito weka 20.

Juu kuna jengo la stesheni lenye paa la pembetatu, na chumba cha zamani cha wafanyakazi kimegeuzwa mgahawa. Ukitembea dakika 20 hivi unafika kwenye vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vya kupandia mlima Tanigawa, ila mlima wenyewe usiuchukulie poa, una mita 1,977 tu lakini umeua watu zaidi ya 800 tangu miaka ya 1930, wengi kwenye miamba.

Kurudi, piga picha ratiba ya nobori ukutani mara tu unapofika. Mimi nilijifanya nateremka tena "dakika mbili tu" kupiga picha, nikarudi juu natweta, treni hiyoo inaishia. Kilichoniokoa ni basi linalopita barabarani mbele ya stesheni, linateremka mpaka Minakami. Beba sarafu.

Ukiiwahi treni usilale, baada ya Doai reli inazunguka duara zima kuteremka mlima, na dirishani unaiona Yubiso huko chini dakika kadhaa kabla hujafika.