Kusoma Utangulizi wa Takwimu za Biashara katika Chuo cha Jamii Nchini Marekani

Anayeingia chuo cha jamii nchini Marekani, yaani kile chuo cha miaka 2 ambacho wengi hukitumia kama daraja la kuvukia chuo kikuu, akachagua biashara, uhasibu au utawala, hukutana mapema na somo la utangulizi wa takwimu za biashara, na mara nyingi hulikuta limewekwa mlangoni: bila kulifaulu, safari ya kuhamia chuo kikuu inasimama. Mimi nililisoma nikiwa mtu mzima, nikitoka kazini jioni, kisha nikakaa mihula kadhaa katika kituo cha chuo kinachowasaidia wanafunzi wanaokwama. Nilichokiona hapo ni kwamba Waswahili wenzangu wengi hesabu zenyewe wanazimudu. Kinachowaangusha ni sentensi inayotangulia hesabu.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mshauri wa masomo, tena kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, iwapo chuo kikuu unachokusudia kuhamia kitalipokea somo hili kwa ajili ya shahada ya biashara, kwa sababu vyuo vingi hufundisha takwimu za jumla na takwimu za biashara kama masomo mawili tofauti, na moja halichukui nafasi ya jingine kila mahali. Pili, pima muda wako kwa uaminifu. Somo la krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) huchukua takriban saa 3 za darasani kwa wiki, na kanuni inayotumika vyuoni ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa ya darasa. Jumla ni saa 9. Muhula wa kiangazi ukiyabana mambo yaleyale katika wiki 8, karibu nusu ya muhula wa kawaida, hesabu hiyo inakaribia saa 18, jambo ambalo mwenye kazi na watoto hawezi kulibeba hivihivi. Aliye na viza ya F-1, ile ya wanafunzi kutoka nje, akumbuke pia kwamba katika idadi ya krediti anazotakiwa kuwa nazo kila muhula, zinazohesabiwa kutoka masomo ya mtandaoni haziwezi kuzidi somo moja, au krediti 3. Azungumze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuchagua darasa la mtandaoni. Kuhusu kitabu, usikimbilie kulipa: mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, hutoa vitabu vya takwimu bila malipo kwenye intaneti, kimojawapo kikiwa cha biashara, na hata mwalimu akichagua kitabu kingine, hicho kinatosha kuwa cha pili cha kusomea.

Aljebra inayohitajika si ya kutisha. Ukiweza kufuata utaratibu wa mabano, kupata kipeo cha pili na mzizi wake, kugeuza asilimia kuwa desimali na kuitafuta x katika mlinganyo mfupi, unayo ya kutosha. Liko hata hivyo jambo dogo linalowasumbua ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa huko Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura: wao walifundishwa kuandika 2,5 kwa mkato, ilhali Marekani mkato hutenganisha maelfu na desimali huandikwa kwa nukta. Aliyezoea mkato husoma 1,250 akadhani ni moja na robo. Vilevile miliyari yao ndiyo "billion" ya Wamarekani, na tarehe 03/04 katika jedwali la mauzo ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. Kosa la namna hii halionekani kwenye kanuni uliyoitumia, na mwanafunzi anaweza kutafuta mahali alipokosea usiku kucha bila kupaona.

Sasa nije kwenye sentensi. Katika jaribio langu la kwanza nilipoteza karibu nusu ya alama kwa sababu ya maneno mawili, "at most", ambayo niliyasoma haraka nikayachukulia kuwa "zaidi". Baada ya hapo nikatengeneza ukurasa mmoja wa daftari ambao niliubeba hadi mwisho wa muhula, na ndio ninaoupendekeza kwa kila anayeanza. "At least 3" niliiandikia "isiyopungua 3". "At most 3" ikawa "isiyozidi 3". "More than 3" ikawa "inayozidi 3". "Fewer than 3" ikawa "inayopungua 3". Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko tunavyodhani, maana kitu kisichopungua 3 kinajumuisha 3 yenyewe, na kinachozidi 3 kinaiacha nje, na masikio yetu yanajua hivyo bila kufundishwa. Tuseme unaulizwa uwezekano wa wateja wasiopungua 3 kati ya 10 kurudisha bidhaa. Kikokotoo na Excel hukupa jumla ya uwezekano kuanzia 0 hadi namba unayoitaja. Kwa hiyo unaanza na 1, yaani uwezekano wote, kisha unapunguza uwezekano wa 0 hadi 2, wala si wa 0 hadi 3. Swali likibadilika likawa wateja wanaozidi 3, ndipo unapopunguza wa 0 hadi 3. Tofauti yote ya jibu imo katika neno moja la swali.

Upande wa pili wa ukurasa huo niliweka maneno ambayo kwa Kiingereza cha mtaani yana maana moja na katika somo hili yana nyingine. "Population" si lazima iwe watu. Ni kundi zima la vitu unavyotaka kuvijua, hata kama ni balbu au ankara. "Error" haina maana kwamba mtu amekosea, bali ni umbali unaotarajiwa kati ya sampuli, yaani sehemu ndogo uliyoipima, na ukweli wa kundi zima. "Random" si ovyoovyo. Ni uchaguzi uliopangwa ili bahati pekee iamue nani anaingia. Na "significant" haimaanishi muhimu, bali kwamba tofauti haielekei kuwa imeletwa na bahati tu. Tofauti ya senti 2 katika bei inaweza kuwa "significant" kwa sababu sampuli ni kubwa mno, huku haina faida yoyote kwa mwenye duka.

Mambo ya wiki za mwanzo, yaani grafu na wastani, usiyaachie mashine kabla hujayafanya kwa mkono mara moja au mbili. Chukua mgahawa mdogo uliouza sambusa 40, 44, 46, 50 na 70 katika siku 5. Jumla ni 250, wastani ni 50, na namba ya katikati, mediani, ni 46. Sasa toa wastani katika kila siku: unapata hasi 10, hasi 6, hasi 4, sifuri na 20. Ukizijumlisha hivyo zilivyo zinafutana, na ndiyo maana tunazipa kipeo cha pili: 100, 36, 16, 0 na 400, jumla 552. Gawa kwa 4, si kwa 5, kwa kuwa hii ni sampuli na siku moja tumeshaitumia kupata wastani; utapata 138, na mzizi wake ni takriban 11.75. Huo ndio mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuzunguka wastani. Kisha iondoe ile siku ya sambusa 70 urudie kazi: wastani unashuka hadi 45 na mkengeuko unaporomoka hadi takriban 4.16. Aliyeyafanya haya kwa kalamu hahitaji kuelezwa kwamba siku moja ya harusi inaweza kuupotosha wastani wa wiki, wala hatasahau kwamba mediani ilisogea kwa 1 tu, kutoka 46 hadi 45.

Baada ya hapo tumia mashine bila aibu, ila ujue inakujibu nini. Katika Excel, STDEV.S hugawa kwa idadi pungufu ya moja na STDEV.P hugawa kwa idadi yote. Katika kikokotoo cha TI-84, ambacho madarasa mengi hukitumia, matokeo hayo mawili hujitokeza yakifuatana kwenye skrini, moja likiwa na alama ya Sx, ambalo ni la sampuli, na jingine alama ya sigma, la kundi zima. Nimewaona wanafunzi wakinakili la chini kwa sababu tu ndilo macho yao yaliloliangukia. Kwa maswali ya mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, chora kengele kwanza, hata kama ni mbaya, kisha utie kivuli sehemu unayoulizwa. Ikiwa vifurushi huchukua wastani wa dakika 30 kufika, kwa mkengeuko wa dakika 5, na unaulizwa uwezekano wa kifurushi kuchukua muda usiopungua dakika 40, kivuli kinaangukia ncha ya kulia. Dakika 40 ziko mikengeuko 2 juu ya wastani. Jedwali la mtawanyo huo linakupa 0.9772, nalo ni eneo la kushoto. Aliyechora ataona mara moja kwamba kijincha kile hakiwezi kuwa asilimia 97, naye ataandika 0.0228.

Mahali ambapo darasa hupoteza watu wengi ni katikati ya muhula, pale mwalimu anapoacha kuzungumzia vitu na kuanza kuzungumzia wastani wa sampuli. Usilipite somo hilo ukidhani utalielewa mbele ya safari, kwa maana kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Mteja mmoja anaweza kutumia dola 5 au dola 60. Lakini wastani wa wateja 36 hauyumbi hivyo, kwa kuwa wakubwa na wadogo hupunguzana makali. Kiasi cha kuyumba kwa wastani huo huitwa kosa sanifu, nacho ni mkengeuko uliogawanywa kwa mzizi wa idadi ya waliomo katika sampuli. Kama wateja 36 walitumia wastani wa dola 24 kwa mkengeuko wa dola 6, kosa sanifu ni 6 kugawanya kwa 6, yaani dola 1. Ukitaka kulipunguza liwe nusu, wateja 72 hawatoshi, unahitaji 144. Mzizi ule ndio unaofanya utafiti wa soko uwe ghali.

Sampuli kubwa nayo haimwokoi aliyechagua vibaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Roosevelt alishinda katika majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. Majina yalikuwa yametolewa kwa wingi katika orodha za wenye simu na magari, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wengi wa walioandikiwa hawakujibu. Swali la kwanza kwa data yoyote utakayopewa liwe hili: hawa waliingiaje humu?

Kwa wateja wetu 36, wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani namba mbili ambazo kati yake tunatarajia uwepo wastani wa wateja wote, hupatikana kwa kuzidisha kosa sanifu kwa 2.03, namba inayotoka kwenye jedwali la t, linalotumika pale mkengeuko unapotoka kwenye sampuli yenyewe, na hivyo unakwenda kutoka dola 21.97 hadi 26.03. Jedwali hilo tunalo kwa sababu ya William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyelazimika kuamua mambo kwa sampuli ndogo ndogo na ambaye mwaka 1908 alichapisha kazi yake kwa jina la bandia, "Student". Kuhesabu wigo ni rahisi. Kuueleza ndiko kunakokula alama. Usiandike kwamba asilimia 95 ya wateja hutumia kati ya kiasi hiki na kile, kwa sababu wigo huu hauzungumzii mteja mmojammoja bali wastani wa wateja wote. Andika kwamba una uhakika wa asilimia 95 kuwa wastani wa wateja wote uko kati ya namba hizo, ukijua moyoni kwamba uhakika huo ni wa njia yenyewe: ikitumika tena na tena, takriban mara 95 katika 100 itaunasa wastani wa kweli.

Upimaji wa nadharia tete, yaani kulipima dai kwa data, unahitaji nidhamu hiyohiyo ya lugha. Meneja anadai kwamba wateja husubiri wastani wa dakika 10. Wewe unashuku kuwa ni zaidi. Sampuli ya 25 inakupa wastani wa 10.8 na mkengeuko wa 2.5, kwa hiyo kosa sanifu ni 0.5, na t, yaani ile tofauti ya 0.8 ikigawanywa kwa 0.5, ni 1.6. Mpaka wa jedwali kwa kiwango cha 0.05, yaani ukikubali hatari ya asilimia 5 ya kulikataa dai lililo la kweli, ni 1.711. Hukuufikia. Wengi huandika hapa kwamba meneja amethibitika kusema kweli, na hukatwa alama kwa haki kabisa. Kinachostahili kuandikwa ni kwamba data hizi hazikutoa ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa wastani wa kusubiri unazidi dakika 10. Huenda unazidi na sampuli yako ilikuwa ndogo. Wakati wa kujisomea, andika hitimisho la kila zoezi kwa sentensi kamili yenye jina la kitu kinachopimwa na kipimo chake, kisha uifasiri kwa Kiswahili. Ikikataa kufasirika, hujaielewa bado.

Rigresheni, yaani kutabiri kitu kimoja kwa kingine kwa kutumia mstari, kwa mfano mauzo kwa gharama ya matangazo, huja mwishoni na kwa haraka; ishike kwa mwinamo wa mstari huo: useme namba hiyo ni dola ngapi za mauzo kwa kila dola 1 ya tangazo, na usitabiri nje ya eneo ambalo data zilitoka.

Yaliyobaki ni mazoea. Nenda ofisini kwa mwalimu katika saa alizotangaza, ukiwa na swali moja ulilolijaribu na mahali ulipokwama pamewekewa alama. Kwenda na "sielewi sura ya 7" hakumsaidii yeye wala wewe. Mazoezi ya mtandaoni mara nyingi hufungwa saa 11:59 p.m., yaani saa 6 kasoro dakika 1 usiku kwa saa yetu, lakini usiyafungue siku hiyo. Na siku ya mtihani, kabla ya kugusa kikokotoo, pitia karatasi nzima ukipigia mstari kila "at least", kila "more than", kila neno linalotaja wastani badala ya kitu kimoja, na uandike pembeni mwa kila swali, kwa penseli na kwa Kiswahili, kile hasa unachoulizwa.